Kikopo cha Lenzi na Maji ya Mwiki

Watu wa Mwiki wanajua kutunza maji. Nasema Mwiki ya Ruiru, kaunti ya Kiambu, iliyopakana na Githurai 45, si ile ya Kasarani ambayo wageni huichanganya nayo hadi wakajikuta wameshushwa na matatu mahali wasipopajua. Kwetu mfereji unaweza kutoa maji leo, kesho ukakauka, na keshokutwa ukakuamsha usiku wa manane kwa mlio wa hewa. Ndiyo maana kila ploti ina tangi la plastiki juu ya paa, na kila nyumba ina mitungi ya lita 20 iliyopangwa nyuma ya mlango. Maji yaliyosuuza nguo hupigiwa deki, na yaliyopigiwa deki humwagwa chooni. Nimekua katika adabu hiyo na ninaiheshimu mpaka leo. Lakini miaka niliyofanya kazi katika duka la miwani mjini Ruiru ilinionyesha mahali pamoja ambapo adabu hiyo inaweza kumpofusha mtu, napo ni ndani ya kikopo cha kuhifadhia lenzi za machoni.

Kazi yangu dukani ilikuwa kukata vioo, kurekebisha fremu, na kuwafundisha wateja wapya kuvaa na kuvua lenzi. Wateja walituita madaktari sote, hata sisi tusiokuwa madaktari, kwa heshima tu. Wengi waliokuja kutaka lenzi walikuwa vijana waliochoka na miwani: mchezaji mpira, mwalimu wa kwaya, bibi harusi. Na wengi walipoanza kuwashwa na macho baada ya miezi michache, walikuja wakilalamikia lenzi yenyewe. Mimi niliwaomba kikopo.

Kwa asiyekijua, ni vijungu viwili vya plastiki vilivyoshikana, kimoja cha jicho la kushoto na kimoja cha jicho la kulia, kila kimoja na kifuniko cha kuzungusha. Usiku lenzi hulala humo ndani ya dawa ya kuua vijidudu. Ukikitazama juu juu kinaonekana safi, kwa sababu ndani yake hakiingii chakula wala vumbi. Nilikuwa nikikigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikafungua kifuniko na kuangalia kwenye nyuzi zake za kuzungushia. Hapo ndipo mambo yalipokuwa. Palikuwa na mstari wa manjano hafifu, mara nyingine wa kijivu, na ukipitisha ncha ya pamba ndani ya kijungu ilirudi na uterezi, ule ule unaousikia ukiingiza mkono katika mtungi ambao haujatikiswa kwa kokoto na sabuni kwa muda mrefu.

Uterezi huo ni makazi. Bakteria wakipata sehemu yenye unyevu hushikamana na plastiki, wakatoa ute unaowafunika, wakaishi chini yake kwa pamoja. Dawa ya lenzi huua wale wanaoelea kwenye maji yake, lakini chini ya utando huo haifiki vizuri. Kwa hiyo mtu anaweza kununua dawa nzuri, akaitia kwenye kikopo kila usiku kwa uaminifu, na kila asubuhi akajitilia jichoni wale walionusurika. Watafiti wa nchi mbalimbali waliokusanya vikopo vya watu wasiolalamika lolote wamekuta mara kwa mara kwamba zaidi ya nusu vina bakteria. Hao ni watu wazima wenye macho mazima, wanaoamini kwamba wako salama.

Jicho lina walinzi wake. Machozi yana kemikali zinazoua vijidudu, kope hufagia kila baada ya sekunde chache, na ngozi ya juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele kinachoonekana juu ya mboni, hushikana barabara kiasi cha kutopenyeka kirahisi. Konea haina mishipa ya damu, ndiyo maana tunaona kupitia kwake, na oksijeni yake huipata hewani kupitia machozi. Lenzi huja kukaa katikati ya hayo yote. Hupunguza hewa, huzuia machozi kuzunguka, na ikiwa imebeba bakteria huwabana palepale juu ya konea kwa saa nyingi. Mtu akilala nayo, kope zikafungwa usiku kucha, hatari ya kuambukizwa hupanda mara kadhaa. Kwa kawaida anayeongoza katika maambukizi haya ni bakteria aitwaye sudomonasi. Huyu anapenda majimaji: sinki, tambara lenye unyevu, tangi lisilosafishwa. Akipata mkwaruzo mdogo kwenye konea hutoa vimeng'enya vinavyoiyeyusha, na jicho lililokuwa zima Ijumaa linaweza kuwa na kidonda cheupe kinachotoa usaha Jumapili. Kikipona huacha kovu, chamba cheupe mbele ya mboni, na mwanga haupiti tena hapo.

Mteja aliyenifundisha zaidi ya wote alikuwa kijana wa chuo, mkazi wa Mwiki. Yeye hakuja kwa urembo. Alikuwa na keratokonasi, ugonjwa wa konea kuwa nyembamba na kuchongoka mbele, na kama wengi wenye ugonjwa huo alikuwa amekua na aleji ya macho, akiyafikicha tangu utotoni. Miwani haikumsaidia tena. Herufi za ubao zilikuwa na vivuli viwili vitatu. Alihitaji lenzi ngumu, ile ndogo inayosimama mbele ya konea na kuipa uso laini mpya. Siku alipoivaa kwa mara ya kwanza aliangalia nje ya duka, akasoma kwa sauti maandishi yote ya matatu zilizosimama ng'ambo ya barabara, moja baada ya nyingine, na mama yake akageukia ukuta akilia.

Kisha nikaanza kuwaeleza habari za utunzaji. Nilipofika kwenye sharti la kwanza, kwamba lenzi isiguswe na maji kamwe, mama alinisimamisha.

"Daktari, hata ya chupa? Yale ya dukani yaliyofungwa?"

"Hata hayo, mama."

"Na nikimchemshia?"

"Yakichemka vijidudu vingi hufa. Lakini yakipoa na kumiminwa kikombeni yanaokota vingine. Lenzi ina dawa yake, mama. Maji si dawa yake."

Kijana alikuwa kimya, akilipima jambo hilo. Halafu akauliza swali ambalo karatasi ya maelekezo iliyokuwa kwenye boksi haikulijibu: "Sasa mikono nitaoshaje? Kwangu hakuna mfereji. Nina mtungi na jagi."

Karatasi ile ilikuwa na picha ya mikono miwili chini ya maji yanayotiririka kutoka kwenye bomba linalong'aa. Aliyeichora hakuwahi kupanga bedsita Mwiki. Basi tukakaa, yeye na mama yake na mimi, tukaipanga kazi hiyo upya kwa vitu alivyokuwa navyo. Jagi lenye mkono wa kushikia, ili vidole visiingie ndani. Sabuni ya kipande isiyo na mafuta wala manukato mengi, kwa sababu mafuta hubaki kwenye lenzi. Kujimiminia maji juu ya beseni, kusugua mpaka chini ya kucha, kujimiminia tena. Kisha, na hapa ndipo nilipokaza sauti, kukausha mikono mpaka iwe mikavu kabisa, kwa karatasi au kitambaa safi kisichotoa manyoya, kisichotumiwa kwa kazi nyingine. Tone moja lililobaki kwenye ncha ya kidole ni maji ya tangi yanayoingia jichoni. Maji yanaishia mkononi. Kutoka hapo ni dawa peke yake.

Nililisisitiza tangi kwa sababu ya jambo lililotokea mbali sana na Mwiki. Uingereza ilikuwa ikipata wagonjwa wengi kuliko nchi nyingine za aina yake wa maambukizi ya konea yanayoletwa na amiba aitwaye akanthamiba. Huyu si bakteria. Ni kiumbe mkubwa zaidi anayeishi kwenye udongo na maji, hata maji ya bomba yaliyotiwa klorini, kwa kuwa akipata shida hujifunga ndani ya gamba gumu na kusubiri. Watafiti walikwenda nyumbani kwa wagonjwa wakapima maji ya mifereji yao. Matokeo yaliyochapishwa 2004 yalionyesha kwamba kwa baadhi yao amiba aliyetolewa jichoni alikuwa wa ukoo ule ule na aliyekutwa kwenye mfereji wa nyumbani. Sababu waliyoielekeza ni desturi ya nyumba za Uingereza kuhifadhi maji kwenye tangi chini ya paa kabla hayajashuka bafuni. Na mwaka 2018 madaktari wa hospitali ya macho ya Moorfields, London, waliripoti kwamba visa vya ugonjwa huo kusini mashariki mwa Uingereza vilikuwa vimeongezeka karibu mara tatu tangu 2011.

Niliposoma habari ya matangi yale niliinua macho nikayatazama ya kwetu. Kule Uingereza tangi la paa lilikuwa mabaki ya ujenzi wa zamani. Kwetu ndilo linaloishikilia nyumba. Maji hukaa humo yakipashwa joto na jua, chini kuna tope, ukutani kuna ute, na keateka huliosha pale mpangaji mmoja anapolalamika vya kutosha. Silaumu tangi. Bila hilo watoto wangeenda shule bila kuoga. Lakini maji yanayofaa kuogea na kupikia hayafai lenzi, na kuyaona meupe kwenye glasi hakumwambii mtu chochote kuhusu jicho lake. Akanthamiba anakula bakteria. Kikopo chenye utando wa bakteria kikisuuzwa kwa maji ya tangi kinakuwa kimempa amiba nyumba na chakula siku hiyo hiyo. Akishaingia kwenye konea matibabu huchukua miezi, mara nyingine mwaka, kwa matone ya kila saa mwanzoni, na maumivu yake wanaoyajua huyasimulia kwa shida.

Kuosha mikono tulikumaliza. Kilichokuwa kigumu zaidi kwa kijana yule, na kwa karibu kila mteja niliyemfundisha, kilikuwa kumwaga. Dawa ya jana inamwagwa yote kila asubuhi, kikopo kinasuuzwa kwa dawa mpya, kinafutwa kwa kidole safi na karatasi safi, kinalazwa kifudifudi kikauke, na usiku kinatiwa dawa mpya kabisa. Mtu aliyezoea kuyahesabu maji kwa jagi anapotazama dawa ile, safi, isiyo na rangi, ya chupa iliyomgharimu zaidi ya shilingi 1,000, mkono wake hausogei. Anaona israfu. Anaongezea kidogo juu ya ya jana kijungu kijae. Nimewaona watu waangalifu wa kila kitu, watu ambao kikombe hakikai chafu nyumbani mwao, wakifanya hivyo kwa moyo safi.

Ugumu wenyewe ni kwamba dawa hiyo hufanya kazi kwa kuisha. Nguvu yake hutumika usiku ule kwa vijidudu vya siku ile, na nyingine hunyonywa na lenzi na plastiki. Asubuhi kinachobaki kinafanana na kilichotiwa jana, lakini hakina uwezo ule. Ulimwengu ulilionja hilo mwaka 2005 na 2006. Madaktari wa Singapore na Hong Kong, kisha wa Marekani, walianza kupokea wavaaji wa lenzi wenye konea zilizoshambuliwa na kuvu aitwaye fuzaria, jambo lililokuwa nadra. Marekani peke yake ilithibitisha visa 164, na karibu theluthi moja ya wagonjwa walihitaji kupandikizwa konea. Wengi walikuwa wametumia dawa moja, ReNu with MoistureLoc ya kampuni ya Bausch & Lomb, ambayo iliondolewa sokoni duniani kote Mei 2006. Wachunguzi walipowalinganisha wagonjwa na wavaaji wengine, waliona pia kwamba wagonjwa walielekea zaidi kutumia tena dawa iliyokwisha kulala kikoponi. Dawa ilikuwa na udhaifu wake, na desturi ya kuongezea ikaupa udhaifu huo nafasi.

Kwa hiyo niliwaambia wateja wazi kabla hawajatoa pesa: hesabu bei ya chupa kwa mwaka mzima, pamoja na kikopo kipya angalau kila baada ya miezi mitatu, na kama hesabu hiyo haiwezekani, miwani ni heshima tosha. Kwa wenye keratokonasi, ambao miwani haiwatoshi, niliomba familia iiweke chupa ile kwenye orodha moja na unga na kodi. Wapo walioweza kununua lenzi za siku moja, zinazotupwa jioni. Hizo hazina kikopo wala dawa, na kama mtu ana uwezo sina la kumwongezea ila asilale nazo na asioge nazo. Ipo pia dawa ya haidrojeni peroksaidi, ambayo lenzi hulazwa ndani yake kwenye kikopo maalumu chenye kipande cha kuipooza makali, kwa saa 6 hivi. Ni kali kwa vijidudu, lakini ikimwagwa jichoni kabla haijapoa inaunguza. Anayeitumia lazima awe mtu wa utaratibu.

Mahali pa kukaushia kikopo pana maana kuliko watu wanavyodhani. Kwenye ploti nyingi choo na bafu ni kitu kimoja, na dirisha lake dogo ndilo rafu ya miswaki ya watu wote. Watafiti waliojaribu kukausha vikopo sehemu tofauti waliona kwamba vilivyokaushwa chooni na vile vilivyoachwa vikiangalia juu vilichafuka zaidi. Kijana wangu alipigilia kibao ukutani karibu na kitanda chake, mbali na jiko na mbali na mlango, na kazi ya kibao hicho ikawa hiyo tu.

Wateja wa Desemba walikuwa wengine. Msimu wa harusi na wa ruracio, yaani sherehe za mahari, ulipofika, wasichana walikuja na lenzi za rangi, za kijivu, za asali, za kijani, walizonunua kwenye maduka ya urembo ambako hakuna aliyewapima macho. Walikuja kwetu kwa sababu hawakuweza kuzitoa, au kwa sababu jicho lilikuwa jekundu. Wengine walivaa jozi moja kwa zamu: bibi harusi kwa picha za asubuhi, msimamizi wake kwa tafrija ya jioni. Kati ya zamu lenzi ilisuuzwa kwa mate au maji ya chupa. Utafiti mmoja wa Ufaransa uliochapishwa 2011 ulikadiria kwamba wavaaji wa lenzi za urembo wana hatari kubwa zaidi ya mara 16 ya kuambukizwa konea, na ukitazama jinsi zinavyouzwa huwezi kushangaa. Mimi sikuwahi kumkemea msichana kwa kupenda kupendeza. Nilitamani tu muuzaji angemweleza kwamba anachokinunua kinakaa kwenye kiungo kilicho hai, na kwamba lenzi iliyohifadhiwa kutoka harusi ya Aprili mpaka ya Desemba katika dawa ile ile si ya kuvaliwa na mtu.

Wengine waliniuliza kuhusu ibada, na maswali yao yalinipendeza kwa kuwa yalitoka kwa watu wanaojali. Mwislamu mmoja wa Githurai aliniuliza kama atalazimika kuvua lenzi kila anapotawadha. Nilimwambia afumbe macho vizuri anapoosha uso na kujifuta mara moja, kwa kuwa sheria haimtaki mtu kuingiza maji ndani ya jicho. Naye akasema atamuuliza imamu, nikafurahi. Kwa wanaobatizwa kwa kuzamishwa mtoni au bwawani jibu lilikuwa rahisi: vua kabla ya kuingia, zivae baadaye ukiwa mkavu.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni siku zinazopotea kati ya jicho kuuma na mtu kufika kwa daktari. Jicho likiwa jekundu, likiogopa mwanga, likitoa machozi au tongotongo, likiona ukungu, na maumivu yakizidi badala ya kupungua baada ya lenzi kutolewa, mtu hana siku tatu za kungoja. Njia ya kawaida kwetu hupitia kwenye kemisti ya jirani. Mteja mmoja alikuja na chupa ya matone aliyouziwa hapo kwa jina la dawa ya macho mekundu. Ndani yake mlikuwa na steroidi. Steroidi hutuliza wekundu na maumivu, mtu akadhani amepona, huku ikizuia mwili kupigana na bakteria anayeendelea kula konea. Tulimkimbiza hospitalini jioni hiyo hiyo, akatiwa matone ya antibiotiki kila saa, mchana na usiku. Jicho lilibaki, na chamba kidogo pembeni kikabaki nalo. Konea za kupandikiza ni adimu, na foleni yake si ya kumtakia mtu.

Kwa hiyo lenzi ikikuuma, itoe, usiirudishe, na usifunge jicho kwa bandeji, kwani joto na giza humfaa bakteria. Nenda panapotibiwa macho siku hiyo hiyo. Ukiwa Mwiki, barabara ya Thika iko karibu na matatu hazikosekani. Chukua lenzi zako na kikopo chake kama vilivyo, pamoja na dawa iliyomo, uvifunge kwenye mfuko safi. Watu hukiosha kikopo kwanza kwa kuona haya, wasionekane wachafu mbele ya daktari. Usikioshe. Maabara inaweza kuotesha kilichomo ndani yake, ikajulikana ni kijidudu gani na dawa ipi inamuweza, hata pale ambapo jicho lenyewe halitoi tena cha kupimwa kwa sababu limekwisha kutiwa matone.